Umeshusha gari, sawa. Breki je?

Niambie ukweli. Ukikutana barabarani na Corolla DX ya 1982, imeshushwa hadi bampa inakaribia kulamba lami, rimu pana zimejaa kwenye madigadi, rangi inang'aa mpaka unaona meno yako, unafanya nini kwanza? Unatoa simu. Unapiga picha, unamtumia beshte yako, unaandika "chuma hiki" na alama tatu za moto. Hakuna anayeinama kuangalia paipu za breki.

Mimi mwenyewe sikuwahi kuinama, na gari lilikuwa langu.

Kama hujui DX ni nini, basi wewe ni wa juzi sana, lakini karibu. Ni jina letu la mtaani la Toyota Corolla KE70, kizazi kilichoanza kuundwa 1979. Injini ya 4K ya cc 1,290, magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma, uzito haufiki tani moja. Wazazi wetu waliliendesha kama gari la ofisi. Sisi tunaliona kama turubai la kuchorea. Niliacha chuo mwaka wa pili, hiyo ni hadithi ya siku nyingine, na pesa za kwanza za maana nilizopata kwa kupiga picha za harusi zikaingia kwa DX ya mwalimu mmoja mstaafu. Nililipa kama bei ya boda mpya. Ndani ya miezi minne lilikuwa chini, lina rimu za inchi 15, na lina wafuasi mtandaoni kunizidi mimi mwenyewe.

Sasa twende Kimuka.

Ukitoka mji wa Ngong unashika barabara ya Suswa. Unapita Kibiko, unaacha Ngong Hills na mitambo yake ya upepo nyuma, halafu nchi inafunguka mbele yako. Bonde la Ufa lote hilo, Suswa pale, Longonot ikiwa hakuna vumbi. Kimuka iko njia hiyo, Kajiado Magharibi: mbuzi upande huu, mabango ya kuuza ploti upande ule. Lami ni nzuri na kona ni tamu, ndiyo maana wikendi utakuta pikipiki kubwa na magari ya kila aina yamekuja kupunga upepo. Ukiangalia kwenye ramani unaona mstari tu. Ukiwa kwenye usukani unagundua kwamba unateremka, na unateremka, na bado unateremka.

Siku hiyo nilikuwa nampeleka mamangu kwa dadake, mbele ya Ewuaso. Mama mbele, binamu zangu wawili nyuma, kwenye buti mtungi wa gesi na gunia dogo la viazi. Mimi nilikuwa najionyesha. Gia ya nne, nakanyaga breki kabla ya kona, naachilia, nakanyaga tena. Kona ya kwanza safi. Ya pili, kanyagio likawa laini kidogo, kama unakanyaga mkate. Nikajiambia ni mawazo. Ya tatu, kanyagio likaenda hadi sakafuni na gari likaendelea na safari zake.

Mbele yetu ng'ombe walikuwa wanavuka.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa mtulivu. Nilipampu breki kama mwendawazimu, nikalazimisha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikapiga kelele ambazo sijawahi kusikia, nikavuta hendibreki pole pole, nikatupa magurudumu ya kushoto kwenye murram. Egzosti ikakwaruza mawe. Tulisimama hatua kama kumi kutoka kwa ng'ombe wa mwisho. Kijana aliyekuwa anawachunga hakukimbia hata. Aliangalia tu, kama anayetazama televisheni.

Mama hakusema kitu kwa muda. Kisha akafungua mlango, akashuka, akafunga vizuri, akainama dirishani: "Baba, hii gari yako mimi nimeipenda sana ikiwa imesimama." Akasimamisha matatu, akaenda na binamu zangu. Viazi akaniachia.

Mzee mmoja akaja na fimbo yake. "Sopa." Nikamwitikia. Akazunguka gari mara moja, akanusa ule moshi wa padi uliokuwa unatoka mbele, akaangalia nafasi kati ya tairi na madigadi, ambayo haikuwepo. "Kijana yangu, hii gari ilikatwa miguu na nani?"

Swali zuri. Tutarudi kwalo. Kwanza breki, kwa sababu breki ndizo nusura zinipe kesi ya ng'ombe, au kitu kibaya zaidi ambacho hata sitaki kuandika.

Siku tatu baadaye gari likiwa limevutwa hadi Ngong, nilikaa kwenye debe katika gereji ya fundi mmoja mzee ambaye alikuwa anafungua Datsun kabla babangu hajaoa. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu padi. "Mafuta ya breki ulibadilisha lini?"

Nikamwambia, mzee, nilinunua gari likiwa nayo.

Alicheka mpaka akaweka spana chini. Akafungua kikopo cha masta silinda, akachovya kidole, akanionyesha. Rangi ya chai ya turungi. Mafuta mapya huwa na rangi ya asali nyepesi, karibu maji. Hayo yangu huenda yalikuwa hapo tangu mwalimu akiwa bado kazini.

Na hapa nataka unisikilize, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo hakuna mtu aliniambia nikiwa naulizia bei za rimu. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu. Hata ukifunika vipi, maji ya hewani yanaingia kidogo kidogo kupitia paipu za mpira na kifuniko. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, 155 yakiwa na maji. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa ya puto. Mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma padi. Ndio huo mkate niliokanyaga.

Halafu fikiria joto lenyewe linatoka wapi. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, basi. Nilikaa na kalkuleta ya simu usiku mmoja (fizikia ya fomu three haijanitoka yote). Ukishuka kimo cha mita 300 kwa kutegemea breki pekee, joto linaloingia kwenye diski na drumu ni sawa na la kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa mpaka sufuri, mara saba na nusu hivi, moja baada ya nyingine, bila kupumzika. Haijalishi gari ni zito au jepesi, hesabu inatoka vilevile. Sasa ongeza kwamba diski za DX ni chuma kimoja kigumu, hakina matundu ya hewa katikati, kilichoundwa kwa ajili ya mwalimu anayekwenda shule kwa kilomita 60.

Ndiyo maana gia ipo. Kwenye mteremko mrefu unachagua gia kabla hujaanza kushuka, si baada ya kuogopa. Ya tatu, ya pili ikibidi, injini ishike gari, na breki uiguse kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uachilie ipoe. Kuweka mguu juu ya kanyagio muda wote ndiyo njia ya haraka zaidi ya kupika padi. Madereva wa lori wanajua hili. Sisi wa picha hatujui.

Kuna tofauti moja uishike pia, maana inaweza kukusaidia siku moja. Kanyagio likiwa laini na linazama, shida iko kwenye mafuta: yamechemka, yana hewa, au yanavuja. Kanyagio likiwa gumu kama jiwe lakini gari halisimami, padi zimepata joto kupita kiasi na zinateleza, ama ule msaada wa vakyumu umekufa. Mambo mawili tofauti, dawa tofauti. Mimi nilikuwa na la kwanza, na harufu ilionyesha la pili lilikuwa njiani.

Basi tulifanya nini? Paipu za mpira zote zilitupwa. Zilikuwa na miaka yangu na zaidi, na mpira wa umri huo unavimba ndani ukikanyaga, kwa hivyo nguvu inapotelea kwenye paipu. Masta silinda ikafunguliwa, raba zikabadilishwa. Kalipa za mbele zikasafishwa mpaka pistoni zikaanza kurudi zenyewe. Moja ilikuwa imekwama nusu, ndiyo sababu gari lilikuwa linavuta kulia na mimi nikidhani ni alaimenti. Nyuma, viatu vya breki vilikuwa bado vina unene lakini havijarekebishwa tangu enzi, vilikuwa mbali na drumu kiasi kwamba nusu ya mkanyago ilikuwa inaishia hapo. Kuvisogeza hakugharimu kitu isipokuwa muda.

Mafuta mapya ya DOT 4, kisha kutoa hewa: unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani kwa gari letu la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, unamalizia na la karibu. Kazi ya watu wawili, mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nati chini. Mmoja anasema "shika", mwingine anasema "imeshika". Ukisikia "achilia" kabla nati haijafungwa, umeingiza hewa, mnaanza upya. Tulianza upya mara mbili. Na yakimwagika kwenye rangi, osha kwa maji haraka, yanakula rangi kuliko asidi ya mdomo wa shangazi.

Jambo moja la afya nilijifunza kwa kukemewa. Nilifungua drumu, nikakuta vumbi jeusi, nikavuta pumzi ili nilipulize. Mzee akanishika bega. Viatu vya breki vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Usipulize kwa mdomo, usipulize kwa kompresa. Lowesha kwa maji ya sabuni, pangusa kwa kitambaa, tupa kitambaa. Nimeona gereji ngapi wakipuliza? Zote.

Kuna wale watakaokuambia rukia moja kwa moja diski kubwa. Kwa KE70 ndoto ya dunia nzima ni miguu ya mbele ya AE86, ile Corolla ya 1983 hadi 1987 ambayo vijana wa kudrift wameifanya dini. Diski zake za mbele zina matundu ya hewa katikati, zinapoa haraka, na familia ni moja kwa hivyo kazi si ya kubuni upya gari. Tatizo ni kuzipata, na kwa bei ambayo muuzaji ameangalia intaneti kabla ya kukujibu. Ukizipata, kumbuka kalipa yenye pistoni kubwa inahitaji mafuta mengi zaidi kwa kila mkanyago, na masta silinda ya zamani huenda ikafanya kanyagio liwe refu. Pia kalipa kubwa inaweza kugonga rimu ya inchi 13, na hiyo ndiyo sababu halali ya kununua rimu kubwa. Ukiniuliza mimi, breki za kawaida zilizotunzwa zinakushinda kwa mbali breki kubwa zilizofungwa nusu nusu. Mimi bado nina diski zangu zilezile.

Padi mpya pia usizitoe kwenye boksi ukaenda nazo mteremkoni. Tafuta barabara tupu, punguza kutoka 60 hadi 20 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Zinahitaji kuzoeana na diski, kama ndoa.

Sasa miguu iliyokatwa.

Nilikatiwa na fundi mmoja, mji mwingine, sitamtaja. Dakika ishirini. Mbele alichukua grainda akatoa duara moja na nusu ya springi. Nyuma hakuifungua hata, alipasha springi moto kwa gesi mpaka gari likakaa chini lenyewe. Nilishangilia. Nilirekodi video. Ile video ningeifuta kama si kwamba ndiyo ina watazamaji wengi.

Springi iliyopashwa moto hivyo imepoteza ule ugumu iliopewa kiwandani. Itaendelea kuzama, upande mmoja kuliko mwingine, na siku moja inaweza kuvunjika. Iliyokatwa kwa grainda ina ugumu zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu waya ni mfupi, lakini haina safari, na ukiinua gari kwa jeki unaikuta inacheza kwenye kiti chake. Ukiruka tuta gurudumu likining'inia, inaweza kuhama. Juu ya hapo shoki zilikuwa za urefu wa kiwandani, kwa hivyo zilikuwa zimebanwa karibu mwisho muda wote. Nilidhani gari gumu ndiyo gari la michezo. Kumbe lilikuwa linaendeshwa juu ya raba za kuzuia mgongano.

Na tairi isiyokaa chini haisimamishi gari. Hili ndilo linaloshikanisha habari zote hizi. Unaweza kuwa na breki za Ferrari, lakini tairi ikiwa inadundadunda juu ya lami kila ikigonga kishimo, hakuna cha kushika. Shoki ndiyo inayoishikilia ardhini.

Halafu kuna usukani. Mbele ya DX kuna mkono wa chini unaoshikilia gurudumu. Kawaida umelala au umeinama kidogo kuelekea nje. Ukishusha gari kupita kiasi, mkono unaelekea juu, na kila tuta gurudumu linajigeuza lenyewe bila ruhusa yako. Dawa yake ni kipande cha chuma kinachowekwa kati ya mguu wa strati na boli jointi ili mkono urudi kulala. Nyuma nako, ile fito inayoshika ekseli isiende kushoto wala kulia inavuta ekseli upande mmoja gari likishuka. Ndiyo maana utaona DX zilizoshushwa tairi moja ya nyuma imetoka nje kuliko nyingine. Wengi hudhani rimu zimepinda. Kuna fito za kurekebishika, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukutengenezea, lakini kwa chuma cha kueleweka na awe amechomelea sehemu kama hizo kabla yako.

Kama chuma chako ni pikapu ya Datsun 1200, nyuma una springi za vyuma bapa. Huko watu huweka bloki kati ya springi na ekseli. Bloki ya chuma kizima, si mbao, si vipande viwili vimepangwa, na zile boliti za U ziwe ndefu za kutosha nati ishike yote. Pikapu nyingine, hasa za kazi, zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo ndogo, inayopima mzigo. Ukiishusha gari, vali inadhani umebeba simiti, inapeleka nguvu nyingi nyuma, magurudumu ya nyuma yanafunga mvua ikinyesha. Mtu anazunguka barabarani na kulaumu tairi.

Nilitoa vile vyote. Springi fupi zilizotengenezwa kuwa fupi, shoki fupi zinazolingana nazo, bushi mpya. Gari limepanda sentimita tatu kutoka lilipokuwa. Wafuasi walilalamika. Mmoja akaandika kwamba nimekuwa babu.

Babu nani, kwani? Ukitaka kujua mababu, kaka zake hawa tunaowashusha walijenga jina lao hapa kwa kuinuliwa. Safari Rally ilianza 1953. Joginder Singh aliishinda mara tatu: 1965 kwa Volvo, 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda 1973 kwa Datsun 240Z, kisha miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet, gari ambalo mjini lilikuwa la karani. Waliyainua, wakayawekea shoki za maana, wakayafunga bamba chini. Sisi tunachukua gari la umri uleule, kwenye barabara zenye matuta ya kila mita mia, tunalishusha. Sikatai. Napenda gari likiwa chini, na sitaacha. Lakini nacheka kidogo kila ninapopita tuta la Kibiko kwa ubavu, tairi moja baada ya nyingine, kama kaa, huku mama wa mboga akinipita kwa miguu.

Rimu sasa, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu ndiyo sehemu ambayo kila mtu anajifanya profesa.

DX na Datsun 1200 zote zina boliti nne kwa duara la milimita 114.3, na hiyo ni bahati, rimu za zamani zipo. Usikubali kuuziwa za milimita 100 eti "zitalazimishwa". Ukibadilisha ukubwa, chunga kimo cha tairi nzima. Tairi ya kawaida ya 155/80 ya inchi 13 ina kimo cha milimita 578. Ukivaa 185/60 ya inchi 14 unapata 577 na ushee. 195/50 ya inchi 15 ni 576. Unaona? Unaweza kupanda rimu bila kuharibu kitu. Mimi nilikuwa nimevaa 165/50 ya inchi 15 iliyonyooshwa juu ya rimu pana, ili ionekane imevutika. Hiyo ni 546. Gari lilishuka milimita 16 zaidi bila hata kuguswa springi, na spidomita ikaanza kunisifu: ikisema 100, ukweli ni kama 94. Tairi iliyonyooshwa hivyo ukingo wake hauna mahali pa kujificha. Shimo moja la Ngong na rimu inapinda.

Spesa nilizitupa. Zilikuwa zile bapa za kuchomeka tu, boliti zikabaki na nyuzi chache za kushika nati. Hesabu mizunguko nati inayozunguka kabla ya kukaza. Ikiwa mitatu minne, usitoke nyumbani. Na soma ubavu wa tairi ya mtumba kabla ya kutoa pesa: kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Maua yanaweza kuwa yote lakini mpira umekauka kama biskuti.

Kitu kimoja kinaniuma katika haya yote. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Kwa hivyo DX zilizobaki Kenya ni hizi hizi. Kila mara mtu anapokata strati kwa grainda au kukunja madigadi kwa nyundo mpaka rangi inapasuka na kutu inaingia, hakuna meli inayoleta nyingine. Nenda Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, mashindano yaliyoanza 1970, uone wazee na magari yao. Majaji wanaangalia mpaka chini ya gari. Chini! Mahali ambapo mimi sikuwahi kuangalia mpaka nilipolala kwenye murram ya Kimuka nikitafuta kilichonguruma.

Gharama? Nilijumlisha. Breki zote, mafuta, paipu, raba, padi na kazi, zilikuwa chini ya nusu ya nilichotumia kwa rimu. Na zile rimu nilizinunua kwanza. Ukiwa na pesa kidogo leo, fanya mafuta na paipu wiki hii, tairi mwezi ujao, shoki na springi pamoja ukipata hela ya harusi, rimu mwisho. Ukifanya mabadiliko makubwa, mwambie mtu wa bima kabla hajajiambia mwenyewe siku ya ajali. Ukaguzi wa NTSA nao hawataangalia idadi ya wafuasi wako.

Tulipomaliza, mzee na mimi tulirudi kwenye ule mteremko asubuhi ya Jumanne, barabara ikiwa tupu. Yeye aliketi mbele, mikono kwenye magoti, kofia yake ya sufi kichwani. Gia ya tatu kabla ya kuanza kushuka. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kanyagio lilibaki palepale juu. Tulipofika chini akaniambia nisimame, akashuka, akaweka mkono karibu na kila rimu bila kuigusa, moja baada ya nyingine, kama daktari. Mbele zilikuwa na joto linalolingana, kulia na kushoto. Nyuma nazo vilevile, kidogo tu. "Sasa inafanya kazi miguu yote minne," akasema, na akaniomba nimpeleke hadi Kimuka anunue maziwa, kwa sababu si tumeshafika.

Mama ilimchukua wiki sita. Alikuwa ananiuliza kwa simu, "Hiyo gari ulitengeneza?" nami namwambia ndiyo, naye anasema "sawa baba", na anapanda matatu. Jumapili iliyopita alifungua mlango wa mbele mwenyewe, akafunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha umeshika, akaweka mkoba kwenye mapaja. Hakuongea mpaka tulipokaribia Kibiko.

"Simama pale kwa yule wa mahindi."

Nikasimama. Akanunua mawili ya kuchoma, akanipa lile dogo.